Mary Amerudi kwa Mwenyewe

Acha kwanza unachofanya. Tafuta spika yenye besi ya kueleweka, siyo kile kispika cha simu, weka "Proud Mary" mpya ya John Fogerty, na usikilize mwanzo tu. Gitaa linagonga kodi ya C, linadondokea A. Linarudia: C, A. Mara ya tatu halitulii, linateremka hadi G, linafika F, linang'ang'ania hapohapo F, halafu ghafla linatua D, besi na ngoma zinaingia kwa pamoja, na wewe tayari unatikisa kichwa bila kuombwa! Jamani! Mwanzo huu nimeusikia tangu utotoni, kwenye redio, kwenye harusi, kwa bendi za hoteli zinazojua kupiga na kwa zile zisizojua, na bado umenibana.

Habari yenyewe ni hii. Fogerty alitimiza miaka 80 tarehe 28 Mei 2025. Agosti 22 mwaka huohuo akaachia albamu ya nyimbo 20, Legacy: The Creedence Clearwater Revival Years. Zote ni vibao vyake vya ujanani, alivyovitunga na kuviimba akiwa na bendi ya Creedence Clearwater Revival, na zote amezirekodi upya, na kila moja ameibandika maneno "John's Version", toleo la John. Mashabiki wa Taylor Swift watacheka, kwa sababu mbinu ni ileile ya dada yao: ukinyimwa kanda, rekodi tena. Ila huyu mzee ana mkasa mrefu zaidi, na uchungu mwingi zaidi, na kitovu cha mkasa wote ni huu wimbo wa dakika tatu na ushei.

Turudi nyuma, maana bila ya huko nyuma utadhani ni mzee tu anajifurahisha.

Mwaka 1968, Marekani imezama Vietnam hadi shingoni. Vijana wanaokotwa kwa barua za kuitwa jeshini. Fogerty, mtoto wa El Cerrito, mji mdogo jirani na Berkeley huko California, alikuwa ameikwepa Vietnam kwa kuingia jeshi la akiba, lakini kuingia akiba ni kuingia: mazoezi, amri, nywele kukatwa, na maisha yaliyoning'inia hewani wakati bendi inaanza kupata jina. Kwa simulizi yake mwenyewe, bahasha rasmi ya serikali ilikaa siku kadhaa kwenye ngazi za jengo alilokuwa anaishi, yeye anaipita tu. Siku alipoinama kuisoma akakuta ni yake, na ndani kuna karatasi ya kumwachilia jeshini kwa heshima. Akatoka mbio hadi kwenye kipande cha nyasi mbele ya jengo, akapiga sarakasi, miguu juu kichwa chini. Kisha akaingia ndani, akachukua gitaa lake la Rickenbacker, na mstari wa kwanza ukamtoka, ule wa mtu aliyeacha kazi nzuri mjini. Ulipofika wakati wa kiitikio, anasema, alishajua kwamba huo ndio utunzi wake bora kuliko wote aliokwisha kuandika.

Umeelewa sasa? Wimbo ambao dunia nzima inauchezea kwa kudhani ni wimbo wa meli, ni wimbo wa mtu aliyeachiliwa! Meli ilikuja baadaye kidogo. Ile furaha ya miguu juu ndiyo iliyotangulia.

Na jinsi meli ilivyoingia ni kisa kitamu. Fogerty alikuwa na kijidaftari cha kuandikia majina ya nyimbo ambazo bado hazijatungwa. Jina la kwanza kabisa humo lilikuwa "Proud Mary", na hakujua Mary mwenyewe ni nani. Alimfikiria kama mama mfanyakazi wa ndani, anayeshuka kwenye basi kila asubuhi kwenda kufua na kusafisha kwa matajiri. Pembeni alikuwa na kipande kingine, zile kodi za mwanzo, zilizotokana na kumsikiliza Beethoven. Ile Simfoni ya Tano, ule mdundo wake maarufu wa noti nne ambao uzito wake unakuja mwishoni. Fogerty aliona uzito ungekaa vizuri zaidi ukija mwanzoni. Kijana wa gitaa anamsahihisha Beethoven! Akaujaribu kwenye gitaa hivyo alivyotaka, na alichopata kilimkumbusha gurudumu la makafi la zile meli za mvuke za zamani, zile zisizo na rafadha chini bali zina gurudumu kubwa nyuma linalochapa maji. Stu Cook, mcharaza besi wa bendi, naye ana mchango wake: walikuwa wanatazama kipindi cha televisheni cha Maverick, meli ya mtoni ikapita kwenye kioo, Cook akatupa neno kuhusu kengele ya meli, na Fogerty akaona mlango umefunguka. Mama wa kufua akageuka chombo cha majini. Filamu ya zamani ya John Ford ya 1935, Steamboat Round the Bend, aliyoigiza Will Rogers, nayo ilikuwa kichwani mwake.

Hebu rudia zile kodi ukiwa na picha hiyo. C, A. C, A. Kafi linaingia majini, linatoka. Halafu ule mteremko wa kasi ni gurudumu likishika mwendo. Kwenye toleo jipya gitaa limepigwa kwa mkono mzito zaidi, kila kodi ina mwili, na kati yake kuna upenyo wa hewa ambao kwenye santuri ya 1969 ulimezwa na mlio wa jumla. Hapo ndipo nilipopiga kelele nikiwa peke yangu chumbani.

Sasa kitu kingine kwa wapiga gitaa, na wengine mnivumilie. Ubeti mzima unakaa kwenye kodi moja, D. Hakuna kuhangaika. Mtu anasimulia alivyoosha vyombo Memphis na kujaza gesi New Orleans, na gitaa linamwacha asimulie. Kiitikio kinapokaribia ndipo inakuja A, na baada yake B mainor, na hiyo B mainor ndiyo siri ya wimbo wote. Ni kodi ya huzuni iliyopandikizwa katikati ya sherehe. Inadumu kidogo tu, halafu D inarudi na mto unaendelea. Ukiitoa, unabaki na wimbo wa kuchezea watoto. Kuna bendi nyingi za kumbi zinaipita kama hazikuiona, na ndiyo maana zikiupiga wimbo huu unachangamka lakini haukugusi.

Walirekodi Oktoba 1968 kwenye studio za RCA huko Hollywood. Wanne: John Fogerty, kaka yake Tom kwenye gitaa la rithim, Cook kwenye besi, Doug Clifford kwenye ngoma. Walikuwa pamoja tangu 1959, wakiwa wanafunzi, wakajiita Blue Velvets, kisha lebo ikawabatiza Golliwogs, jina la aibu ambalo walilivua kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu wa Louisiana. Vinamasi vyote vile, mito yote ile, walivipata kwenye santuri za bluzi na filamu. Na ugomvi uliokuja kuwaua ulianzia studioni humohumo: wenzake waliimba sauti za kuitikia, John akasikiliza, hakuzipenda, akazifuta, akaimba zote yeye mwenyewe, sauti juu ya sauti. Ukisikia kile kiitikio cha zamani ukadhani ni kwaya ya marafiki, ni mtu mmoja aliyejipanga mstari. Kusema kweli, zilikuwa nzuri zaidi. Lakini fikiria wewe ndiye kaka mkubwa, uliyewahi kuwa mwimbaji kiongozi wa hiyo bendi, halafu mdogo wako anakufuta kwenye kanda.

Santuri ndogo ikatoka Januari 1969, nyuma yake "Born on the Bayou" (nyuma! wimbo kama ule uliwekwa upande wa pili), pamoja na albamu Bayou Country. Kufika Machi kibao kilikuwa namba 2 Marekani. Namba 1 alikaa Tommy Roe na "Dizzy", wimbo ambao leo nani anaupigia magoti? Creedence walifikisha nyimbo tano kwenye namba 2 na hawakuwahi kuishika namba 1 hata mara moja. Mwaka huohuo walitoa albamu tatu. Tatu! Siku hizi msanii akitoa nyimbo tatu kwa mwaka anaomba likizo.

Kisha wimbo ukahama nyumba. Solomon Burke aliuimba mwaka huohuo wa 1969, na alichofanya ni kitu ambacho Fogerty asingeweza kukifanya: kabla ya kuimba anazungumza, anawakumbusha wasikilizaji kwamba babu zake walizipanda meli zile wakiwa chini, wakichochea moto, wakipika na kuhudumia mezani. Ghafla mto si mahali pa kupumzikia tena. Sikiliza lile toleo hata kama hutasikiliza kingine chochote nilichokitaja hapa.

Halafu Tina. Nani asiyejua ya Tina? Alikulia Nutbush, Tennessee, jimbo ambalo mto Mississippi wenyewe unapita ukingoni mwake, akachuma pamba utotoni, kwa hiyo mwimbaji huyu hakuhitaji filamu. Ike na Tina Turner waliupiga wimbo huu kwenye televisheni ya Ed Sullivan Januari 1970, wakauweka kwenye albamu Workin' Together, na santuri yao ya 1971 ikafika namba 4, ikaleta tuzo ya Grammy. Anaanza polepole, anazungumza na wewe, anakuahidi upole kisha ukali, sauti nzito ya Ike inaitikia chini yake, na ukishasinzia tu tarumbeta zinalipuka na miguu yake inaanza kazi! Kwa nusu ya dunia hiyo ndiyo "Proud Mary" pekee. Elvis naye aliupiga jukwaani. Kila mtu aliupiga.

Isipokuwa mmoja.

Na hapa ndipo toleo hili jipya linaponitoa jasho. John Fogerty aliacha kuziimba nyimbo zake mwenyewe. Mkataba waliousaini vijana wale na lebo ya Fantasy, iliyokuwa chini ya Saul Zaentz (ndiyo, yuleyule aliyekuja kutengeneza filamu za Amadeus na The English Patient na kubeba Oscar), uliwapa wengine hakimiliki ya tungo zake. Tom alijitoa 1971, bendi ikafa Oktoba 1972. Ili ajinasue kwenye mkataba, Fogerty ilibidi asamehe hata mirabaha yake ya nyimbo za Creedence. Kila redio iliyopiga "Proud Mary" iliwaingizia wengine fedha. Akasusa. Miaka ikapita, watu wanaenda kwenye maonyesho yake, wanapiga kelele wakiomba Mary, naye anawaimbia vingine.

Aliyeuvunja mgomo ni Bob Dylan. Februari 1987, ukumbi wa Palomino huko California, Fogerty amealikwa jukwaani, yumo Dylan, yumo George Harrison. Dylan akamwambia kwamba asipoupiga "Proud Mary" watu watadhani ni wimbo wa Tina Turner. Akaupiga! Na Julai 4 mwaka huo, kwenye tamasha la wanajeshi waliopigana Vietnam, akazipiga nyimbo zake za zamani mbele yao. Mtu aliyeutunga wimbo kwa furaha ya kuachiliwa na jeshi, anaurudia mbele ya wale ambao hawakuachiliwa mapema. Natamani ningekuwepo.

Lakini hakuwa mwenye mali bado. Kesi zilikuwa zinaendelea. Lebo ilimshtaki kwamba wimbo wake, "The Old Man Down the Road", umeiba kutoka "Run Through the Jungle" ya 1970, ambayo aliitunga nani? Yeye mwenyewe! Ameshtakiwa kwa kujiiba. Mwaka 1988 alipanda kizimbani na gitaa, akawaonyesha wazee wa baraza jinsi anavyotunga, wakamwachia. Suala la gharama za mawakili likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo 1994 iliamua upande wake, na wanafunzi wa sheria ya hakimiliki bado wanaisoma kesi ile. Kampuni ya Concord ilipoinunua Fantasy mwaka 2004, mirabaha ilirudi. Na Januari 2023 ndipo alipotangaza kuwa amenunua sehemu kubwa ya haki za tungo zake. Nusu karne na zaidi!

Kwa hiyo elewa unachokisikiliza. Mwaka 1968 aliyeimba alikuwa mtunzi bila kuwa mwenye wimbo. Hii ni mara ya kwanza "Proud Mary" inaingia studioni ikiimbwa na mwenye mali. Na inasikika, nakuapia inasikika! Sauti ina mikwaruzo pembeni, pumzi inakatwa mapema kidogo kwenye mistari mirefu, lakini anapofika kwenye ubeti wa mwisho, ule wa watu wa mtoni wasiojali kama una hela au huna, kuna tabasamu humo ndani ambalo kijana wa miaka 23 hakuwa nalo. Kijana alikuwa anakaza, anataka kutoka. Mzee ametoka zamani, anatembea.

Gitaa la rithim wanapiga wanawe, Shane na Tyler, vijana wenye bendi yao. Shane ametayarisha albamu pamoja na baba yake. Sehemu aliyokuwa anaishika Tom, aliyefariki 1990 bila ndugu hao kupatana sawasawa, sasa imeshikwa na damu ileile. Albamu haikutangazii hilo popote, unalitambua tu kwa jinsi magitaa mawili yanavyokaa bega kwa bega bila kusukumana.

Nisikudanganye, kuna manung'uniko. Ngoma ni safi mno. Clifford alikuwa anavuta nyuma kidogo, anachelewa kiduchu, na uvivu ule ndio uliokuwa maji ya mto. Aliyepo sasa ni fundi, hakosei hata tone, na mimi nataka akosee. Pia mpangilio umefuatwa karibu noti kwa noti, hata solo, ile solo fupi yenye harufu ya Steve Cropper wa Memphis. Ningependa mzee ajiachie, aongeze ubeti wa gitaa, avunje kitu. Anao uwezo. Alichagua kutogusa, na ukikumbuka mahakama yote ile utaelewa kwa nini mtu anataka nyumba yake irudi ikiwa na vyumba vilevile. Na kuna kichekesho cha kibiashara: kanda mama za miaka ile bado ziko Concord, na albamu hii mpya nayo imetolewa na Concord. Wote wanakula, basi. Angalau safari hii aliyepika yupo mezani.

Ukiniuliza ununue ipi kama una hela ya moja, nitakwambia santuri ya 1969, kwa sababu ya Clifford na kwa sababu ya ule mkazo. Ukiwa na hela ya mbili, usifikirie mara mbili. Zipange hivi: ya 1969 kwanza, Burke, Tina, halafu hii ya mzee, mfululizo, bila kusimama. Majirani watagonga ukuta. Ukimaliza usiizime albamu, maana "Run Through the Jungle" nayo imo humo, ile ya kesi, imerekodiwa upya kwa ukaribu uleule na ya zamani, na safari hii anaruhusiwa kujinakili anavyotaka.